Vanila, Nanasi na Shubiri: Mimea ya Kagera Inayovuta Hewa Usiku

Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana na kuvifunga usiku. Vanila, nanasi na shubiri hufanya kinyume. Giza likishaingia, mimea hii hufungua vitundu vya majani, huvuta hewa ya ukaa, huigeuza kuwa asidi na kuihifadhi hadi asubuhi. Jua linapowaka, vitundu hufungwa, na jani hutengeneza chakula kwa hewa liliyoiweka akiba usiku. Kwa njia hiyo mmea hupata mwanga wa mchana bila kulipia gharama kubwa ya maji ambayo mchana hudai.

Utaratibu huu hujulikana duniani kwa herufi tatu, CAM. Umepewa jina la familia ya Crassulaceae, mimea ya majani manene ambamo ulichunguzwa mapema. Unatumiwa na takribani asilimia 6 ya spishi zote za mimea yenye mishipa, na umezuka kwa nyakati tofauti katika familia zaidi ya 30 ambazo nyingi hazina undugu wa karibu. Dungusi wa Meksiko, mkonge wa Tanga, okidi wa msituni na shubiri wa nyanda za Afrika, kila mmoja kwa historia yake, wamefika kwenye jibu moja.

Makala hii inaeleza jinsi jibu hilo linavyofanya kazi, kwa kutumia mimea inayoonekana Bukoba na Muleba, mkoani Kagera. Kwa mtu anayeijua mvua ya Bukoba, mahali hapa panaweza kuonekana hapafai kwa somo la ukame. Lakini ukame wa mmea hupimwa kwenye mzizi, na hata katika wilaya yenye mvua nyingi iko mizizi isiyofikiwa na maji.

Ukame katikati ya mvua

Mji wa Bukoba hupata takribani milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya mvua ya Dodoma. Chanzo ni Ziwa Viktoria. Upepo unaotoka kusini-mashariki huvuka maji, hubeba unyevu na kuushusha kwenye ukingo wa magharibi, ambako vilima huuinua na kuupoza. Ndiyo maana mvua hupungua kadiri mtu anavyoliacha ziwa. Muleba ya pwani, upande wa ziwa na visiwa vyake, si sawa na Muleba ya magharibi inayoelekea Ziwa Burigi, ambako vilima vimeshachukua sehemu kubwa ya unyevu. Ukifika Karagwe na Ngara, mvua ya mwaka huzunguka milimita 1,000 au chini yake.

Mvua hiyo haigawanyiki sawa katika mwaka. Masika huanza Machi na kumalizika Mei, vuli huanza Septemba na kufika Desemba. Kati ya Juni na Agosti huja kiangazi kirefu, ambacho Wahaya hukiita kyanda. Januari na Februari mvua hulegea tena kwa muda mfupi.

Jambo la tatu ni ardhi. Kibanja, shamba la migomba na mibuni linalozunguka nyumba, kina udongo mzito uliojengwa kwa samadi na nyasi kwa vizazi vingi. Nje ya kibanja iko rweya, uwanda wa nyasi wenye udongo mwepesi, wenye asidi, uliochujwa virutubisho na mvua. Juu ya miamba ya mawe ya mchanga inayosimama kando ya ziwa, na kwenye kisiwa cha Musira kinachoonekana kutoka mjini, udongo ni wa kuhesabu kwa vidole ndani ya nyufa. Mvua ikinyesha hapo hutiririka na kuondoka, kisha jua hupasha jiwe. Mmea uliosimama kwenye ufa huo hupata ukame wa saa chache karibu kila siku, hata katika mwezi wa mvua. Mmea unaoishi juu ya gogo la mti bila kugusa ardhi nao hali yake ni hiyo hiyo.

Kwa nini kula ni kupoteza maji

Usanisinuru ni kazi ya jani kutengeneza sukari kwa kutumia mwanga, maji na hewa ya ukaa. Maji huja kutoka mizizini. Hewa ya ukaa huingia kupitia vitundu vidogo mno viitwavyo stomata, vilivyotawanyika kwenye ngozi ya jani. Kila kitundu kimezungukwa na seli mbili zinazovimba na kunywea, na kwa kufanya hivyo hukifungua na kukifunga.

Shida ni kwamba mlango wa kuingiza hewa ndio huo huo wa kutoa maji. Ndani ya jani kuna unyevu mwingi, nje kuna hewa kavu, na ndani ya hewa hiyo hewa ya ukaa ni chache sana, karibu sehemu 420 tu katika kila milioni. Kitundu kikifunguka, mvuke hutoka kwa kasi kubwa kuliko hewa ya ukaa inavyoingia. Jua likiwa kali na upepo ukiwa mkavu, tofauti hiyo huongezeka.

Kwa hiyo kila mmea huishi kwa biashara: maji kwa hewa. Mmea wa kawaida, kama maharage au mbuni, hupoteza kati ya gramu 400 na 500 za maji kwa kila gramu moja ya hewa ya ukaa unayopata. Mahindi, ambayo yana njia bora zaidi, hupoteza gramu 250 hadi 300. Mimea ya CAM hupoteza gramu 50 hadi 100 tu. Maji yanayomfaa mbuni kwa siku moja yanaweza kuupa mmea wa CAM hewa ile ile kwa siku kadhaa.

Tofauti hii inatokana hasa na saa ya kufungua mlango. Usiku joto hushuka, hewa hukaribia kujaa unyevu, na mvuto unaonyonya maji kutoka kwenye jani hupungua sana. Mmea unaofungua vitundu saa 5 usiku hununua hewa ile ile kwa bei ndogo.

Njia tatu ndani ya kibanja kimoja

Wataalamu hugawa usanisinuru wa mimea katika njia tatu, na zote tatu zinaweza kuonekana bila kutoka nje ya uzio wa kibanja kimoja.

Ya kwanza huitwa C3, kwa kuwa kitu cha kwanza kinachotengenezwa kina atomi tatu za kaboni. Hii ni njia ya mgomba, mbuni, maharage, viazi na miti karibu yote. Kimeng'enya kiitwacho Rubisco hukamata hewa ya ukaa moja kwa moja mchana. Rubisco ina kasoro moja kubwa: mara nyingine hukamata oksijeni badala ya hewa ya ukaa, na mmea hupata hasara. Joto likipanda na vitundu vikifungwa nusu, kasoro hiyo huongezeka.

Ya pili ni C4, njia ya mahindi, miwa na nyasi nyingi za rweya. Humo kimeng'enya kingine, PEP kaboksilesi, ambacho hakidanganywi na oksijeni, hukamata hewa kwanza. Kisha hewa hiyo husafirishwa hadi kwenye seli za ndani zinazozunguka mishipa ya jani, na Rubisco huipokea huko ikiwa imelundikana. Kazi mbili zimetenganishwa kwa mahali.

Ya tatu ni CAM. Vimeng'enya ni vile vile viwili, lakini kazi zimetenganishwa kwa wakati. Seli moja hufanya kazi ya kwanza usiku na ya pili mchana. Vanila inayopanda juu ya mti wake, nanasi lililo pembezoni mwa migomba na shubiri aliyeoteshwa karibu na mlango kwa ajili ya dawa, wote hufuata njia hii.

Saa 24 za jani

Siku ya jani la CAM hugawanywa katika awamu nne, mpangilio uliowekwa na mtaalamu Barry Osmond mwaka 1978 na ambao bado unafundishwa.

Awamu ya kwanza ni usiku. Vitundu viko wazi. Wanga uliohifadhiwa kwenye jani huvunjwavunjwa ili kupata kiungo kiitwacho fosfoenolpiruveti. PEP kaboksilesi hukiunganisha na kaboni iliyotoka hewani, na baada ya hatua moja zaidi hupatikana asidi ya maliki, asidi ile ile inayolipa tofaa bichi uchachu wake. Asidi hii haiwezi kuachwa ielee ndani ya seli, kwa maana ingeharibu kazi nyingine. Husukumwa ndani ya vakuoli, ghala kubwa la maji linalochukua karibu seli nzima. Kufikia alfajiri ghala limejaa na maji yake yamekuwa machachu sana.

Awamu ya pili ni fupi na huja mapambazuko. Vitundu bado havijafungwa kabisa, mwanga umeingia, na kwa muda hewa hukamatwa kwa njia zote mbili.

Awamu ya tatu huchukua sehemu kubwa ya mchana. Vitundu vimefungwa. Asidi hutoka ghalani, huvunjwa, na hewa ya ukaa huachiwa ndani ya jani lenyewe. Kwa kuwa milango imefungwa, hewa hiyo hulundikana hadi kiwango kinachozidi sana kile cha nje. Rubisco huzungukwa na hewa ya ukaa tele, kasoro yake ya kukamata oksijeni hupungua, na sukari hutengenezwa. Kilichobaki cha asidi hurudishwa kuwa wanga, tayari kwa usiku unaofuata.

Awamu ya nne huja alasiri. Asidi imekwisha, mwanga bado upo. Mmea wenye maji ya kutosha hufungua vitundu kidogo na kufanya kazi kama mmea wa kawaida. Mmea wenye kiu huiruka awamu hii na kungoja usiku.

Ratiba hii haitegemei giza na mwanga peke yake. Ndani ya seli kuna saa ya kibiolojia inayoamuru kimeng'enya cha usiku kiamke jioni na kilale asubuhi. Bila saa hiyo, vimeng'enya viwili vingegombania hewa ile ile, na asidi ingetengenezwa na kuvunjwa kwa wakati mmoja bila faida.

Umbo linalobeba kazi

Unene wa jani una maana mbili. Jani linahitaji vakuoli kubwa za kuhifadhi asidi ya usiku, na vakuoli hizo hizo huhifadhi maji. Ndiyo sababu mimea mingi ya CAM ina majani au mashina manene yenye utomvu. Lakini unene peke yake hautoshi kuwa ushahidi: ipo mimea minene isiyotumia CAM, na ipo ya CAM ambayo majani yake si manene sana.

Vipo vipengele vingine vinavyosaidia. Ngozi ya jani hupakwa nta nzito inayozuia maji kupotea pasipo kupitia vitundu. Vitundu vyenyewe ni vichache kwa eneo kuliko kwenye jani la kawaida. Mizizi mingi huwa mifupi na ya juu juu, hukimbilia maji ya mvua ndogo kabla hayajakauka. Baadhi ya mimea, kama dungusi, imeacha majani kabisa na kuhamishia kazi kwenye shina la kijani.

Waliogundua kwa ulimi

Dalili ya kwanza iliandikwa mwaka 1804, wakati Nicolas-Théodore de Saussure wa Geneva alipoona kwamba dungusi huvuta hewa ya ukaa gizani, jambo ambalo mimea mingine haikulifanya. Mwaka 1813 Benjamin Heyne, aliyekuwa akifanya kazi India, aliandika barua kuhusu mmea wa bustanini ambao leo huitwa Kalanchoe pinnata. Alikuwa ametafuna majani yake kwa nyakati tofauti za siku: asubuhi yalikuwa machachu, adhuhuri hayakuwa na ladha, na jioni yalikuwa na uchungu kidogo. Hakujua kemia yake, lakini alikuwa ameonja awamu tatu kati ya nne.

Mmea huo asili yake ni Madagaska, na umesambaa katika nchi za joto duniani. Wengi wanaufahamu kwa tabia moja: jani lake likianguka chini, pembezoni mwake huchipua miche midogo yenye mizizi. Maelezo kamili ya kemia yalikamilishwa katika karne ya 20, zaidi ya miaka 100 baada ya barua ile.

Vanila: okidi wa kibanja

Kati ya mimea yote ya CAM ya Bukoba na Muleba, vanila ndiyo yenye thamani kubwa zaidi kwa kilo. Kilimo chake kilianza kushika mizizi Kagera kuanzia miaka ya 1990, kikisukumwa na wakulima wadogo na taasisi yao ya MAYAWA, yaani Maendeleo ya Wakulima. Kibanja kiliifaa tangu mwanzo, kwa sababu kilikuwa tayari na kivuli cha migomba, samadi na matandazo ya nyasi.

Vanila ni okidi kutoka misitu ya Meksiko na Amerika ya Kati. Huko kwao hupanda juu ya miti, na sehemu yake ya chini inaweza kufa huku ya juu ikiendelea kuishi kwa mizizi inayong'ang'ania gome. Mmea ulio katika hali hiyo unaishi msituni penye mvua nyingi, ila maji yake ni yale tu yanayotiririka kwenye gome na kukauka. Hapo ndipo CAM ilipokuwa na faida kwake.

Ukilitazama rando la vanila kwa karibu, utaona historia hiyo. Katika kila kifundo kuna jani moja upande mmoja na mzizi mmoja wa hewani upande wa pili. Jani ni la kijani kilichoiva, laini juu, nene kiasi cha kuvunjika kwa mlio ukilikunja, na mishipa yake haionekani kwa urahisi. Ukilivunja, utomvu mwingi hutoka. Ndani yake kuna chembe kali za oksaleti ya kalsiamu zinazowasha ngozi ya wapogoaji. Shina nalo ni la kijani na hushiriki katika usanisinuru.

Tabia hizi zinaeleza mambo manne ambayo mkulima wa vanila huyafanya.

La kwanza ni kulaza marando. Rando likishakatwa, halipandwi siku hiyo hiyo. Huwekwa kivulini kwa wiki moja au mbili hadi linyauke kidogo na kidonda kikauke. Rando la viazi likiachwa hivyo bila maji lingekufa. La vanila huishi kwa sababu vitundu vyake hubaki vimefungwa na maji yaliyo kwenye majani hutumika polepole.

La pili ni kivuli. Watu wengi hudhani mmea unaovumilia ukame huvumilia pia jua kali. Vanila ikianikwa juani majani hugeuka manjano na kuungua. Huhitaji karibu nusu ya mwanga wa wazi, ndiyo maana hupandishwa kwenye mbono kaburi au gliricidia na kufunikwa na migomba. Kufunga vitundu mchana kuna hatari yake: jani lisilotoa mvuke hukosa njia ya kujipoza.

La tatu ni maji yaliyosimama. Katika mvua ya Bukoba, vanila huuawa zaidi na kuoza kwa mizizi kunakoletwa na ukungu wa Fusarium kuliko na kiu. Mizizi yake iliumbwa kwa ajili ya majani yaliyooza na magome, mahali penye hewa. Shimo refu linalotuama maji humwondolea mkulima miaka mitatu ya kazi. Tuta la mboji na matandazo mepesi humfaa zaidi.

La nne ni ukavu unaoleta maua. Vanila huhitaji kipindi cha wiki kadhaa cha ukavu na ubaridi kidogo ili kuamua kuchanua, na wakulima huongezea msukumo kwa kukata ncha za marando. Karibu na ikweta, ambako viangazi ni viwili kwa mwaka, maua huweza kuja mara mbili. Uganda huvuna misimu miwili kwa sababu hiyo, na Kagera ina mpangilio wa mvua unaofanana. Ua hufunguka alfajiri na kunyauka kabla ya siku kwisha, hivyo uchavushaji hufanywa kwa mkono asubuhi hiyo, kwa mbinu iliyobuniwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na Edmond Albius, kijana wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa. Baada ya hapo tunda hukaa kwenye mmea takribani miezi tisa.

Nanasi: CAM yenye mavuno

Nanasi lilitoka Amerika ya Kusini na leo huuzwa kando ya barabara za Muleba na Bukoba msimu ukifika. Linapenda udongo wenye asidi usiotuamisha maji, hali ambayo mazao mengi huikimbia na ambayo Kagera inayo kwa wingi.

Geuza jani la nanasi na uangalie upande wa chini. Utaona unga mweupe unaong'aa. Ni vinywele vidogo mno vinavyofunika mifereji ambamo vitundu vimejificha, na hupunguza upepo unaopita juu yake. Upande wa juu wa jani, chini ya ngozi, kuna tabaka la seli zisizo na rangi zilizojaa maji. Ukame ukiendelea, tabaka hilo hunywea kwanza na kuliachia maji tabaka la kijani. Majani yenyewe yamepangwa kuzunguka shina kiasi kwamba umande na manyunyu hutiririka hadi kitakoni, ambako mizizi midogo hunyonya maji kabla hayajafika ardhini.

Nanasi linapinga dhana kwamba mimea ya CAM lazima iwe ya polepole na yenye mavuno madogo. Likipewa mbolea na nafasi sahihi, huzalisha sana. Mwaka 2015 wanasayansi walichapisha ramani ya jeni zake, na mojawapo ya mambo yaliyoonekana ni kwamba jeni za CAM ni zile zile za mimea ya kawaida, zilizobadilishiwa saa za kuamka. Mmea haukuhitaji kubuni kimeng'enya kipya.

Usiku wenye ubaridi huongeza asidi inayohifadhiwa kwenye majani na huchangia kuanzisha maua. Hata hivyo ubaridi ukizidi na mawingu yakikaa, tunda huchelewa na huwa chachu zaidi. Ndiyo sababu nanasi la miinuko na la bondeni huweza kutofautiana ladha ijapokuwa mbegu ni moja.

Shubiri na mimea ya mawe

Kagera ina shubiri aliyepewa jina la mji wake mkuu: Aloe bukobana. Alielezwa kisayansi katika miaka ya 1950 na G. W. Reynolds, mtaalamu wa Afrika ya Kusini aliyetumia maisha yake kuorodhesha shubiri wa Afrika. Eneo lake la asili ni kaskazini-magharibi mwa Tanzania na nchi jirani. Ni wachache miongoni mwa wakazi wa Bukoba wanaojua kwamba jina la mji wao limeandikwa katika orodha ya mimea ya dunia, na lingestahili kufundishwa shuleni.

Shubiri huhifadhi maji katikati ya jani, kwenye ute mweupe ambao watu huupaka kwenye vidonda vya moto. Tabaka la kijani la nje ndilo linalofanya kazi ya CAM, na ute huliletea maji siku za kiu.

Mnyaa, unaooteshwa kuwa uzio sehemu nyingi za Afrika Mashariki, una mpangilio wa pekee. Vijani vyake vidogo hufuata njia ya C3 na hupukutika mapema. Vijiti vya kijani vinavyobaki hufuata CAM. Mmea mmoja, njia mbili, kila moja kwa kiungo chake. Ndugu yake mkubwa, Euphorbia candelabrum, husimama kwenye vichuguu na miteremko mikavu kuelekea Burigi na Karagwe. Utomvu mweupe wa wote wawili ni hatari kwa macho.

Katika misitu ya Afrika Mashariki huning'inia pia Rhipsalis baccifera, dungusi asiye na miiba anayeishi juu ya miti. Ndiye dungusi pekee anayepatikana kiasili nje ya bara la Amerika, naye hufuata CAM.

Wanaobadili njia, na wanaofunga kabisa

Si mimea yote iliyofungwa kwenye njia moja. Ipo inayofuata njia ya kawaida wakati maji yapo na kuhamia CAM maji yakipungua. Portulaca oleracea, gugu la majani madogo manene linalotambaa kwenye bustani za mboga, hufuata C4 likiwa na maji na huongeza CAM likikauka. Mvua ikirudi, hurejea njia yake ya kwanza ndani ya siku chache. Watafiti wanaopenda kuhamishia CAM kwenye mazao mengine huichunguza sana mimea ya aina hii.

Ukame ukiwa mkali mno, mmea kamili wa CAM hufunga vitundu usiku na mchana. Hauli kutoka nje. Hewa ya ukaa inayotokana na kupumua kwa seli zake usiku hukamatwa, huwekwa ghalani kama asidi na kutumika tena mchana. Mmea haukui, lakini haufi, na mitambo yake hubaki tayari. Mvua ikinyesha huanza kazi mapema kuliko mmea uliopoteza majani.

Gharama ya njia hii

Kama CAM inaokoa maji kiasi hiki, kwa nini mgomba haukuichagua? Kwa sababu ina masharti. Kiasi cha hewa kinachoweza kukamatwa usiku kina mpaka, na mpaka huo ni ukubwa wa ghala. Asidi ikijaa, kazi husimama hata kama usiku bado ni mrefu. Kusukuma asidi kuingia ghalani na kuirudisha kuwa wanga hugharimu nguvu. Palipo na maji tele na udongo mzuri, mmea wa C3 wenye majani mapana hukua haraka na kuufunika mmea wa CAM kwa kivuli. Kibanja chenye rutuba ni mahali pa mgomba. Mmea wa CAM hushinda pale ambapo mingine haiwezi kusimama, au pale mkulima anapoupalilia.

Somo kwa mkulima na mwalimu

Kwa mkulima, elimu hii ina matumizi ya moja kwa moja. Mwaka ambao kyanda imerefuka, matandazo na maji machache yaliyopo yapelekwe kwanza kwenye maharage, mboga na mibuni michanga, kwa kuwa mimea hiyo hupoteza maji mara nne au zaidi. Nanasi na vanila zilizokomaa zinaweza kungoja. Katika Muleba ya magharibi, ambako mvua haina uhakika, nanasi linastahili nafasi zaidi kwenye udongo mwepesi. Na yeyote anayepanda vanila akumbuke kuchimba mfereji wa kutoa maji kabla ya kuwaza kumwagilia.

Kwa mwalimu wa biolojia wa Ihungo, Rugambwa, Kahororo au shule yoyote ya kata, lipo jaribio lisilohitaji mtambo. Chuma jani la Kalanchoe saa 12 asubuhi na lingine la mmea huo huo saa 11 jioni. Pima uzito sawa wa kila jani, twanga kwa kiasi sawa cha maji, chuja, kisha ongeza haidroksaidi ya sodiamu tone kwa tone hadi fenolfthalini ibadilike rangi. Fanya vivyo hivyo kwa jani la maharage. Jani la asubuhi la Kalanchoe litahitaji matone mengi zaidi kuliko la jioni. Maharage hayataonyesha tofauti kama hiyo. Wanafunzi wasionje majani, kwa kuwa Kalanchoe zina sumu ya moyo, na mnyaa usiletwe darasani kabisa.

Miamba ya kando ya ziwa inachimbwa kwa ajili ya kokoto, na rweya huchomwa moto kila kiangazi. Mimea iliyojifunza kuishi kwa maji machache haina kinga dhidi ya nyundo wala moto wa kurudia kila mwaka. Wilaya, shule na wenye vibanja wanaweza kuianza kazi ya kuihifadhi kwa hatua ndogo: kuitambua, kuiorodhesha na kuotesha kila spishi ya asili kwenye bustani ya shule. Aloe bukobana aanze.